Uji wa Asali ya Baba Mkwe

Lori la Mhindi lilipinduka Mlandege, kwetu Iringa, mwaka ule mvua ilipokataa kukoma, nami nilikuwa msichana mdogo bado. Lilikuwa limebeba chumvi. Magunia mengine yalitumbukia mtaroni, mengine yakapasuka katikati ya barabara, na kabla dereva hajamaliza kutoka kupitia dirishani, akina mama wa mtaa mzima walikuwa wameshafika na sufuria, na ungo, na wengine na kaniki zao tu. Mvua inanyesha, chumvi inayeyuka, watu wanasukumana kwa viwiko. Baadaye, jua lilipotoka, ng'ombe waliokuwa wanapelekwa mnadani walifika pale wakakataa kuendelea. Walisimama wakalamba barabara. Wachungaji walipiga, wakatukana, wakaomba, ng'ombe wanalamba tu. Gari la DC lilikuja likasimama likapiga honi, na DC mwenyewe akangoja kama sisi wengine.

Lakini siyo ng'ombe niliotaka kuwasema. Nilitaka kumsema mama yangu. Watu wote wanazoa, yeye amesimama mikono kiunoni anamtazama dereva.

"Hii ni chumvi gani?"

"Chumvi ya kula, mama."

"Na yale madebe kule nyuma?"

"Dawa ya kuogeshea ng'ombe."

"Aha. Basi lamba wewe kwanza."

"Mama, mimi nimepinduka sasa hivi. Huoni damu inanitoka sikioni?"

"Ulimi wako unatoka damu?"

"Hautoki."

"Lamba."

Dereva akainama akalamba. Mama akamwambia ameze. Akameza. Mama akamwambia fungua mdomo, akafungua, akachunguliwa mpaka kooni kama ng'ombe anayetaka kununuliwa. Ndipo mama akatandika kaniki yake, tukazoa. Kwa kuwa tulianza wa mwisho, tulipata ile yenye tope. Mwaka mzima tulikula mboga zinazolia mchanga menoni, na mama kila akisikia tunalalamika anasema, "Mchanga naujua ulikotoka."

Mama alikuwa anauza ulanzi, huo unaogemwa kwenye mianzi, na kwa wauza ulanzi kuonja si mchezo. Huwezi kumpa mtu kipande cha mwanzi kimejaa pombe ukakaa unamtazama anywe. Unakunywa wewe kwanza, yeye anakuona, koo linapanda linashuka, ndipo unampa. Asiyefanya hivyo amejitangaza mwenyewe. Na mama alikuwa na sheria yake ya ziada. Alisema anayeonja lazima awe mwenye chungu. Siyo jirani, siyo mtoto aliyetumwa kukileta. Hao wengine hawajui kilichomo, kwa hiyo ulimi wao haushuhudii kitu. Mwenye chungu anajua. Mtazame yeye.

Nimesoma madarasa mawili tu, na hayo nayo niliyasoma kwa vipande vipande. Lakini hilo la mwenye chungu nilifundishwa vizuri, na nililibeba mpaka Mbeya.

Nilikwenda Mbeya kwa kuolewa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mwanamume mmoja wa huko alikuja Iringa kufanya kazi ya barabara, akawa anakunywa kwa mama, na kila siku anakunywa polepole kuliko jana yake, mpaka mama akamwuliza kama anaumwa koo au anamtazama binti yake. Alikuwa ananitazama. Basi, mambo yakaenda yalivyokwenda, watu wake wakaja, tukapanda lori.

Siku ya kuondoka mama alinipa donge la sukari guru amelifunga kwenye jani kavu la mgomba. Akanivuta kando.

"Hii usitie kwenye chai. Hii ni ya siku ya kuzaa. Kuzaa ni kazi kama kulima, tena kulima bila kupumzika. Ukifika katikati tumbo halina kitu, mikono inalegea, unalala, na mtoto naye analala. Ukisikia uchungu umekolea, unamega kidogo, unaweka shavuni, unakunywa maji. Maji uliyochota mwenyewe, umenisikia? Huko unakokwenda mimi sitakuwepo."

"Wataniroga, mama?"

"Nimesema hivyo? Nimesema maji uchote mwenyewe."

Watu wa mume wangu walikuwa wametoka Rungwe zamani, wakahamia kwenye vilima vya juu ya Mbalizi, wakapanda migomba yao na kujenga. Palikuwa na nyumba ya wakwe na yetu, basi. Ni watu wa kanisani. Mama mkwe hakukosa Jumapili hata moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kazi nyingi, maneno machache, na alikuwa na tabia ya kukaza macho kwenye kitu chochote nilichoshika, kana kwamba kilikuwa chake na nimekiazima.

Baba mkwe siwezi kukueleza alivyokuwa, kwa sababu sikumwona. Kwao mke wa mwana haonani na baba wa mume wake. Si ugomvi. Ndivyo walivyo. Hamtazamani, hamsemezani, jina lake hulitaji. Ukimsikia anakuja njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Niliingia kwenye mahindi na ndoo ya maji kichwani. Niliingia kwenye mahindi na mimba imeshakuwa kubwa, mabua yananikwaruza tumbo. Kuna siku niliingia kwenye mahindi nikachuchumaa, kumbe aliyekohoa ni mbuzi. Zaidi ya mwaka nimekaa boma moja na mzee yule, ninachokijua kwake ni kikohozi, blanketi la kijivu kwa mgongoni, na harufu ya moshi. Moshi wa nyuki. Alikuwa mtu wa mizinga, ameitundika kwenye miti kuanzia nyuma ya boma mpaka chini kijitoni, na asali yake ilifika mpaka Mbeya mjini kwa Wahindi.

Na mtu ambaye hujamwona uso, kichwa chako kinamtengenezea uso. Huo niliomtengenezea mimi haukuwa mzuri.

Mwenye kuuzidisha ubaya wa uso huo alikuwa mwanamke mmoja muuza viazi pale sokoni Mbalizi. Siku ya kwanza kukutana naye alinitazama tumbo kabla ya kunitazama mimi.

"Wewe ndiye mke mpya wa kule kwa mzee wa mizinga?"

"Ndiye."

"Pole."

"Pole ya nini?"

"Pole tu, dada. Chukua na hiki kiazi, nakuongezea."

Mtu wa sokoni akikuongezea bila kuombwa, lazima umwulize. Nikamwuliza. Akazungukazunguka, akapanga viazi vyake upya, mwisho akasema mume wangu alikuwa na mke kabla yangu, na mke huyo alifia uzazini, katika boma lile lile. "Walimpa uji, akanywa," akasema. "Uji wa asali."

"Asali ya nani?"

"Mimi nimesema ya nani? Mimi nauza viazi."

Mume wangu wakati huo alikuwa anafanya kazi machimboni Makongolosi, huko kwenye dhahabu, anakuja nyumbani kwa msimu. Alipokuja nilimngoja ashibe.

"Ulikuwa na mke?"

"Nani kakwambia?"

"Ulikuwa naye au hukuwa naye?"

"Nilikuwa naye. Alifariki."

"Alikula nini?"

"Marehemu anaulizwa alikula nini? Na nani?"

"Na mimi."

Akainuka, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe. Kesho yake akarudi Makongolosi, na tangu hapo nikawa napika changu mwenyewe, nachota maji mwenyewe, na kile cha mama mkwe nakipokea kwa mikono miwili, nashukuru, nakimwaga kwenye migomba. Migomba ile ilistawi.

Donge langu la sukari guru nililificha ndani ya sanduku, chini ya nguo. Sikufikiria sisimizi. Walipanga mstari mwembamba kutoka ukutani, wakapanda sanduku, wakaingia kwenye tundu la kufuli. Mama mkwe aliuona mstari ule kabla yangu. Siku moja natoka shambani nakuta sanduku liko wazi, amelishika lile fundo la jani kavu kwa vidole viwili, amelitenga mbali na mwili wake.

"Hiki ni nini, mkamwana?"

"Sukari guru, mama."

"Sukari inafichwa chini ya nguo?"

"Nimepewa na mama yangu, ya siku ya kuzaa."

"Inafanya nini siku ya kuzaa?"

"Inatia nguvu."

"Inamtia nani?" Alinikazia macho yale yake. "Kitu kimefungwa kwa jani, kina kamba, kimelala na nguo za mwanangu. Na wewe chakula changu hukila. Unadhani migomba sijaiona inavyokula?"

Akalitupa motoni. Likanuka utamu nyumba nzima, likachemka povu jeusi, likaisha. Nikajua sasa tuko wawili, kila mmoja anamchunga mwenzake.

Uchungu ulinianza asubuhi, natoka kupalilia maharage. Ule wa kwanza niliucheka, wa pili nikaegemea jembe. Mama mkwe alimwita mkunga wa kilimani, bibi mmoja wa Kisafwa aliyekauka kama ukuni, ambaye alizalisha nusu ya watu wa kanisa lile na alipenda kuwakumbusha wakiwa wakubwa, mbele ya watu, nani alitoka kwa matako. Hospitali ya misheni ilikuwepo, lakini ilikuwa upande wa pili wa mto na mto ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimechota maji yangu kibuyu kizima tangu alfajiri. Nikawa nakunywa hayo. Chakula sikuwa nacho. Nilikuwa nimejiwekea ndizi mbivu, nikala mwanzoni mwanzoni kwa woga, zikaisha, nikaona itatosha.

Haikutosha. Siku ile ikaisha, ikaja nyingine, mtoto amesimama pale pale. Maji ya kibuyu yakaisha. Uchungu ulikuwa ukija unanikuta nimelala, ukiondoka unaniacha nimelala. Bibi mkunga ananiambia sukuma, nasikia kama ananiambia kutoka ng'ambo ya mto.

Alinishika mguu, akaubinya, akanusa pumzi yangu. "Huyu mtoto amekaa vizuri," akasema. "Njia ipo. Mama yake ndiye hana kitu mwilini. Jiko limezimika. Mpeni uji mzito wa ulezi, mtie asali, sasa hivi. Jua likifika pale kwenye mgomba hajanywa, mimi sitaahidi kitu, si cha mama wala cha mtoto."

Mama mkwe akapika. Nilisikia mwiko unagonga chungu. Nikasikia anaita nje, "Ile asali ya kwenye kibuyu kikubwa!" na kile kikohozi kikajibu, kikaenda, kikarudi. Uji ukaletwa kwenye kibuyu kilichokatwa, unatoa moshi. Harufu ya asali ikanifika. Mate yakanijaa mdomoni, na hapo hapo nikamwona yule mwanamke wa viazi anapanga viazi vyake.

"Kunywa, mwanangu," mama mkwe akasema. Hakuwahi kuniita mwanangu. Nikazidi kuogopa.

"Onja kwanza, mama."

Akarudisha kibuyu kifuani. "Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Uji wa mzazi hauonjwi. Hapa kwetu aliyeuonja amekula nguvu za mzazi. Lazima atoke bomani, asilale hapa mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Nikitoka mimi, nani atakukanda? Nani atafua? Mume wako yuko Makongolosi."

Sasa wewe unayenisikiliza, labda unaona ni maneno ya maana. Na mimi leo nikikaa nayaona yana maana. Lakini nilipolala pale, nilisikia kitu kimoja tu, kwamba mwenye chungu amekataa kuonja. Mama yangu angekuwepo angemwambia lamba.

"Basi sinywi."

Bibi mkunga akacheka, kicheko kibaya cha kuchoka. "Nyie watu wa Iringa, mbwa mnakula, uji mnaogopa?"

"Mbwa, bibi, angalau namjua aliyemchinja."

"Lete nionje mimi. Mimi boma langu liko kule, nitakwenda kulala kwangu."

"Wewe si mwenye asali."

"Eh! Unamtaka mwenye asali?"

Uchungu ukaja, ukanigeuza, ukaondoka. Sikusukuma. Sikuwa na cha kusukumia. Nikasikia mama mkwe analia kimya kimya, na sikujua analilia nini, mimi au jambo lake. Nikasema, "Mwenye asali anywe nimwone. La sivyo nife na njaa yangu, niijue iliyoniua."

"Haiwezekani," mama mkwe akasema. "Haiwezekani, mkamwana. Hiyo huisemi."

Bibi yeye hakubishana. Alikuwa Msafwa, na miiko ya nyumba ile haikumhusu sana. Akaenda mlangoni akaweka mikono mdomoni kama anaita mbuzi. "Mzee! Mkeo anakuficha, mimi sikufichi! Huyu anakufa na mjukuu wako tumboni! Anasema asali yako ina kitu!"

Nje nikasikia kuku tu. Halafu kikohozi, kiko karibu, kiko mlangoni. Mama mkwe alipiga yowe la chini, akavua kitenge chake akanitupia usoni nisimwone, na yeye asinione. Nikakivuta nikakitupa. Kuonja nisikokuona si kuonja.

Aliinama kuingia. Nilimwona. Alikuwa mume wangu aliyezeeka, hivyo tu. Pua ile ile, masikio yale yale, kope moja imelala kidogo, nadhani kwa kuumwa na nyuki. Nilikuwa nimemtengenezea sura ya fisi mwaka mzima, akaja na sura ya mtu ninayelala naye, na hilo lilinitisha zaidi. Hakuzungusha macho. Alinitazama mimi moja kwa moja, kitu ambacho hakikufanywa katika boma lile tangu lijengwe. Akachukua kibuyu mikononi mwa mkewe, akanywa.

Hakuonja. Alikunywa. Koo linapanda, linashuka, tena, tena.

"Mbakizie, baba!" bibi akamwambia. "Kwani wewe ndiye unayezaa?"

Akashusha kibuyu. Uji umemshika kwenye ndevu. Nami, na hapa watu wakisikia huwa wanashika vichwa, nikamsemesha. Nikamwambia, "Fungua mdomo."

Mama mkwe alikaa chini kabisa, sakafuni. Mzee akafungua mdomo. Nikainua kichwa nikachungulia. Meno machache, ulimi mweupe wa uji, hakuna alichokificha shavuni. Akaufunga. Akaniwekea kibuyu mkononi mwenyewe, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja kwa sababu havikuwa na nguvu ya kushika, akatoka.

Hata hapo sikunywa mara moja. Mlango ulikuwa wazi. Niligeuza kichwa nikamtazama kule uani, nione kama ataanguka, au atajitapisha nyuma ya nyumba. Alikaa kwenye gogo. Uchungu ukaja ukaenda, yuko kwenye gogo. Bibi akanipiga kofi la paja. "Unangoja aote mkia?" Nikanywa.

Uji ule ulishuka kama moto wa kuni kavu. Nilihisi unapita kifuani, unafika tumboni, unagawanyika kwenda miguuni. Nikaomba maji. Mama mkwe akaleta, sikumwambia aonje, nikanywa yote. Akaleta ndizi mbivu ameiponda na maziwa, nikala. Akachota asali tupu kwa kidole akanipaka chini ya ulimi, nikalamba kidole cha mama mkwe wangu kama ndama. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake nilisikia uchungu unakuja na mimi nipo, ninaungoja.

Watu huniuliza, basi baada ya hapo si uliridhika? Sikuridhika. Nasema ukweli. Nimezaa wengine baada ya yule, na nilipokuwa nikipumzika katikati ya uchungu niliwaza jambo lile lile. Alikunywa, ndiyo, na mimi nikanywa, na wote tukabaki hai. Lakini uji wa siku ile si uji wa siku ya yule mwenzangu wa kwanza. Mtu akionja kibuyu kimoja, hajaonja cha zamani. Nilikuja kumwuliza mama mkwe, miaka imepita, tunamenya maharage: yule mwingine alikula nini? Akasema, "Hakula kitu. Alikataa. Alikuwa na kichwa kigumu kama wewe, na hakukuwa na wa kumwitia mzee." Yule wa viazi alisema alikunywa uji. Mmoja wao ni mwongo. Mmoja alikuwa na sababu ya kusema uongo, na mwingine alinipa kiazi bure. Nimewapima wote wawili tangu nikiwa na meno yangu yote, na sasa sina meno, bado sijui.

Na kuna hili la kitovu. Mwiko wao ulisema aliyeonja akae nje mpaka kitovu kidondoke. Kilidondoka, tukakizika kwenye shina la mgomba, mama mkwe akafagia uwanja, akapika, akakaa anatazama njia. Hakuja mtu. Mume wangu alirudi kutoka machimboni, akaenda kumwulizia baba yake huko Rungwe kwa ndugu zake, akaenda mpaka mjini kwa Mhindi mnunuzi wa asali. Hakuna aliyemwona. Wengine walisema ni aibu, mzee aliyetazamwa na mkamwana wake mpaka ndani ya mdomo atakaaje naye tena boma moja? Bibi mkunga alisema amekwenda kufa mahali pasipo na kelele za wanawake. Mimi sisemi. Ila mtu anayeondoka kwa aibu huwa anarudi hata kwa kuvizia, kuchukua kiti chake, kuuliza mtoto kama anakua. Anayeondoka moja kwa moja, kuna kitu amekiacha nyuma yake asichotaka kuulizwa. Au hakuna. Hapo ndipo ninapokwama kila siku.

Lakini sijamaliza siku ile. Nilisukuma. Jua lilikuwa halijafika kwenye mgomba. Bibi anasema bado, bado, haya sasa, na mama mkwe amenishika mgongo kwa mikono yote miwili, ananikanda, anafanya kile alichosema angekifanya kama asingeonja. Mtoto akatoka analia tayari, ana hasira, amefumba ngumi. Bibi akamgeuza akamtazama.

Mama mkwe akakimbilia mlangoni. "Ni wa kike!" akaita. "Mzee, ni wa kike! Mzima!"

Nikainua kichwa nione. Gogo lilikuwa tupu. Yeye alikuwa ameshafika mwisho wa uwanja, blanketi la kijivu begani, mkono wa kulia hauna kitu na wa kushoto hauna kitu, hata kile kishoka chake cha mizinga alikiacha kimeegemea ukuta. Alisikia. Najua alisikia, kwa sababu alisimama. Nikasubiri ageuke. Mama mkwe naye alisubiri, mkono umeshika mwimo wa mlango.

Akakohoa. Halafu akaingia kwenye migomba, akatokea upande wa kijito, akavuka akiwa ameinua blanketi lisilowe, akapanda ile njia inayokwenda barabarani, mizinga yake imejaa juu ya miti pande zote mbili anapita chini yake bila kuitazama, na hakurudi tena.